Haujatumwa

Jumanne usiku simu iliniuliza: Sasisha sasa?
Nikabonyeza ndiyo, kama mtu anayeitikia hodi
bila kuchungulia nani yuko mlangoni.
Asubuhi ikaamka na sura mpya,
herufi za mviringo, saa kubwa kama ya stesheni,
na adabu zote za mgeni.
Kupiga, ilipiga. Picha, ilichukua.
Ila kila ujumbe ulikwama pale pale,
na kando yake alama nyekundu:
Haujatumwa. Gusa ujaribu tena.

Nikagusa. Nani hagusi?
Nikaizima, nikaiwasha. Nikatoa laini,
nikaipuliza, nikaifuta kwa upindo wa khanga.
Nikanunua vocha, labda ni salio.
Nikapanda ngazi za ghorofa ya jirani, hapa Kiborloni,
mkono juu kama anayeanua nguo.
Haujatumwa.

Usiniambie nitumie njia nyingine.
Kaka yangu Ndelilio, kule Kibosho,
ana kitochi kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli,
na nikimpigia hapokei tangu Pasaka.
Nilitaka kumwambia maneno manne tu:
Mpaka wa kihamba usiguswe.

Nikayaandika upya, kwa ukali.
Haujatumwa.
Kwa ukali zaidi.
Kufika Jumatano jioni nilikuwa nimezoea;
ukishajua neno halifiki, ulimi hulegea.
Nikaandika: Wewe ulibaki na mama, mimi nilituma hela.
Nikaandika: Hela haimgeuzi mtu kitandani.
Nikaandika: Siku ya mazishi nilikuona nyuma ya zizi,
unakata majani ya ng'ombe huku unalia,
nikapita kama sijakuona.
Nikaandika, taa nimeshazima:
Masale ya mpakani niliyang'oa mimi.
Si mbuzi wa Mangowi.

Alama nyekundu, saba, zimejipanga.
Nililala usingizi mzuri.

Alhamisi nikaenda kwa fundi Kundaeli,
kibanda chake kimeegemea duka la dawa za mifugo;
unangoja zamu yako katikati ya harufu ya josho.
Akaishika simu, akaigeuza, hata bisibisi hakuigusa.
"Haijaharibika. Imesahau posta.
Barua zako inazo mkononi, inazunguka mjini,
haijui pa kuzitia.
Hawa wakisasisha wanafagia nyumba,
na saa nyingine wanafagia na kikaratasi cha namba."
Namba gani?
"Ya kituo cha ujumbe. Kila meseji hupita hapo kwanza,
hata ukimwandikia uliyekaa naye benchi moja."

Akatoa simu yake, mtandao mmoja na wangu,
akaisoma namba kule, akaiandika huku,
tarakimu moja moja
kama achaguaye mawe kwenye mchele.
Nyota. Reli. Akazima. Akawasha.
"Tujaribu."

Nikasema, ngoja kwanza, kuna za kufuta...
Lakini kidole cha fundi kina nia njema na kina haraka.
Akazigusa zote, ya kwanza mpaka ya saba.
Nyekundu zikafifia moja baada ya nyingine.
"Zimekwenda, dada. Elfu mbili."

Nikalipa. Nikasahau chenji.
Nikasimama kando ya magunia ya pumba
nikiiombea simu iugue tena.

Robo saa.
Kaka yangu huandika polepole,
kitufe kimoja hukibonyeza mara tatu apate herufi moja.
Nusu saa. Muuza parachichi akaniuliza kama nimefiwa.

Ndipo ikalia, bila nukta wala koma:

nimesoma zote saba
yule mbuzi nilimchapa bure
masale hayafi yameota tena pale pale
jmosi njoo
usisahau chumvi ya ng'ombe

Nikarudi dukani, harufu ile ile.
Nikanunua kilo mbili.